Picha Iliyokubaliwa Asubuhi

Nilimsikia akikohoa getini kabla hajabisha, nikajua amekuja na furaha, na furaha yenyewe mimi nilikuwa nimeshaizika tangu Alhamisi.

"Hodi wenyewe!"

Hata hodi yake siku hiyo ilikuwa na mbwembwe. Nikaziacha nguo nilizokuwa naanua, nikaenda kumfungulia. Alikuwa amevaa shati la bluu, lile moja ambalo rangi haijawahi kuligusa, amelipiga pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama. Kucha alizisugua, lakini wapi. Kwenye kidole gumba bado kulikuwa na kijani cha bango la duka la dawa. Mtaa mzima walimwita Brashi. Hata mimi niliyempenda sikuwahi kumwita vingine, isipokuwa tukiwa peke yetu, na hayo siwaambii.

"Bi Ukumbi," akasema kwa sauti ya chini, "mbona umekonda ndani ya siku mbili?"

"Sijakonda."

"Basi umenuna."

"Sijanuna. Pita."

Hakupita. Alisimama akinitazama kama anavyoutazama ukuta kabla hajauchora, akitafuta pa kuanzia. Mimi nikaitazama kola yake. Kwa miaka miwili nilikuwa simwondolei macho mwanaume huyu, na leo hii kola ndiyo niliyoiweza.

Picha yake ilikuwa imekataliwa. Yeye hakujua, mimi nilijua, kwa sababu nafanya kazi katika ukumbi wa maonyesho na siku ya majaji mimi ndiye niliyekuwa nazibeba picha na kuzisimamisha mbele yao. Barua zingetoka Jumatatu. Nilikuwa nimetia saini karatasi kwamba sitafungua mdomo kabla ya hapo. Na kama ingekuwa ni picha tu, ningevumilia. Alishakataliwa mara mbili miaka iliyopita, akanuna siku tatu, ya nne akaamka anapiga mluzi. Safari hii alikuwa ameweka rehani kitu kingine, na kitu hicho ni mimi.

Lawama nusu ni za Baba. Baba alikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini na moja. Alikuwa akiingia sokoni na mawe yake ya shaba ndani ya kisanduku, wauza nyama wote wananyamaza. Mizani iliyokosea aliifunga kwa waya na lakiri, hata kama ni ya rafiki, hata kama ni ya shemeji yake, na shemeji huyo mpaka leo akimwona anavuka barabara. Alistaafu, lakini kazi ilibaki mwilini. Kwake kila kitu lazima kipimwe, na kipimwe na mtu asiyekuwa na faida nacho.

Kwa hiyo Brashi alipokuja kusema anataka kunioa, Baba hakumfukuza. Afadhali angemfukuza. Alimkalisha, akamuuliza kwa upole kabisa:

"Kijana, kuchora mabango naijua ni kazi. Lakini binti yangu ananiambia wewe ni msanii. Nani amekupima?"

"Watu wanazipenda picha zangu, mzee."

"Watu gani? Rafiki zako? Huyu hapa?" Akaninyooshea kidole. "Huyu hawezi kukupima, huyu amekwisha. Peleka picha kwa watu wasiokujua. Wakikukubali, njoo tupange ndoa. Sitauliza jambo lingine."

Angeishia hapo, tungepona. Ila Brashi damu ilimchemka, akasimama, akatamka jambo ambalo hakuna aliyemwomba:

"Na wasiponikubali, mzee, hutaniona tena mlangoni hapa!"

"Hilo umelisema mwenyewe," Baba akajibu.

Na ninavyowajua wanaume hao wawili, nilijua neno hilo halitarudi. Mmoja hajawahi kusamehe gramu, mwingine hajawahi kumeza neno lake.

Sasa alikuwa amesimama mbele yangu na shati lake la bluu, na nilikuwa na siku moja na nusu.

"Nataka unifanyie jambo," nikamwambia. Nilimvuta upande wa kamba ya nguo, nyuma ya shuka, ambako dirisha la sebuleni halifiki. "Lile neno lako kwa Baba. Lirudishe."

"Neno lipi?"

"Unalijua. La kutorudi."

Akacheka. "Leo? Barua zinatoka keshokutwa, leo ndiyo nirudishe neno? Mzee atasema nimeingiwa na woga."

"Aseme."

"Jumatatu nikikubaliwa litakuwa limejifia lenyewe, bibie. Mbona una haraka?"

"Brashi, nakuomba. Ingia ndani, mwambie ulisema kwa hasira. Mwambie barua ikija vyovyote itakavyokuja, wewe utarudi. Dakika mbili tu, basi."

"Vyovyote itakavyokuja," akarudia taratibu.

Hapo nikajua nimeharibu. Nilikuwa nimelipanga ombi lile usiku mbili, nikalifanyia mazoezi mbele ya kioo, nikajiona mjanja. Kumbe kumwomba kulikuwa ni kumwambia.

"Nitazame," akasema.

Nikaitazama kola.

"Nitazame machoni."

"Nina nguo za kuanua."

"Alhamisi wewe ndiye uliyebeba picha."

"Nimetia saini, Brashi. Usiniulize."

"Sikuulizi." Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka ikanibidi nisogee ndipo niisikie. "Nisingekuuliza hata kidogo. Nataka tu unitazame kama unavyonitazama siku zote."

Nikajaribu. Mungu ni shahidi, nilijaribu. Nikainua macho, nikayapeleka mpaka kidevuni kwake, mpaka mdomoni, na hapo machozi yakanimwagika kama mtoto aliyevunja sahani.

Hakuniuliza tena. Aliichukua ncha ya shuka lililokuwa kwenye kamba, akanifuta nalo uso, upande huu, kisha upande ule, kwa uangalifu kama anayefuta rangi iliyomwagika pasipotakiwa. Nilimpenda wakati ule kuliko siku zote, na sikuwa na hata neno moja la kumpa.

"Sawa," akasema. "Mzee yupo?"

"Unaenda wapi? Brashi! Barua haijafika!"

"Nikisubiri barua, atasema nilijipa siku mbili za bure nikijua jibu."

Akatangulia. Mimi nyuma, nimemshika shati, shati lililopigwa pasi, ninalikunja lote.

Baba alikuwa kwenye kiti chake akisikiliza redio. Mama alikuwa mezani anashona vifungo, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, baba," Mama akaitikia kwa uchangamfu. Yeye alishakubali siku ya kwanza, ila katika nyumba yetu kura yake haikuwa ikihesabiwa. "Kaa basi. Mbona umesimama kama mdai?"

"Sikai, mama. Nimekuja kuaga."

Baba akapunguza sauti ya redio. "Barua imefika?"

"Haijafika."

"Sasa?"

"Jibu nalijua, mzee."

"Umelijuaje?"

Brashi akanitupia jicho. Alijua akisema ukweli mimi kazi sina. "Nimelijua tu," akasema. "Mtu huijua kazi yake. Nilisema nikikataliwa hutaniona tena. Nimekuja kukushukuru kwa kunisikiliza, na kumwambia binti yako, mbele yenu, kwamba hana deni nami."

Alisema vizuri mno. Nadhani aliyapanga wakati tunatoka kwenye kamba kuja ndani, hatua kama ishirini. Na Baba, Baba yangu, alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyepewa kilo kamili.

Ndipo nikapayuka.

"Ilikubaliwa!"

Wote watatu wakageuka.

"Ilikubaliwa asubuhi," nikasema. "Jioni ikakataliwa. Picha hiyo hiyo."

Baba akazima redio kabisa. Katika nyumba yetu redio huzimwa kwa msiba tu.

"Kaa chini," akaniambia. "Na wewe kijana, kaa. Binti, anza mwanzo, usiruke."

Nikakaa ukingoni mwa kochi. Brashi alibaki wima, mkono kwenye fremu ya mlango.

"Majaji walikuwa watatu," nikaanza. "Mama mmoja wa chuoni, anaweka penseli nyuma ya sikio. Mwanaume mmoja mwenye duka la picha. Na mzee mmoja mchoraji ambaye haoni vizuri, wanamweka kiti mbele. Mimi na mwenzangu tunaleta picha, tunaisimamisha, tunaondoa kitambaa. Anayeikubali ananyoosha mkono. Mikono miwili inatosha. Karani anaandika namba na alama. Jina hawalioni."

"Picha ngapi?"

"Mia mbili na arobaini. Nafasi sitini."

"Kila moja wanaitazama muda gani?"

"Mpaka nihesabu kumi. Nyingine hata sita haifiki."

"Jamani," Mama akadakia, "mimi kuchagua kitambaa cha pazia tu nusu saa."

"Mama, mwache aseme," Baba akamwambia, maana akizama kwenye jambo hata mkewe humwita mama. "Ya huyu?"

"Ya Brashi ilikuwa namba mia moja kumi na saba. Ilifika saa nne asubuhi."

Nyinyi hamjaiona picha hiyo, kwa hiyo niwaambie. Ni watu wanahama nyumba. Wanaume wawili wamekwama mlangoni na godoro, mmoja ndani, mmoja nje, na pembeni yuko mwanamke amebeba vyungu vya maua mikono yote miwili, ufunguo ameushika kwa meno, anacheka. Uso wake nusu umefichwa na godoro. Mdomo ni wangu. Nilisimama na picha ile mbele ya majaji, mdomo wangu juu na mdomo wangu chini, na hakuna aliyegundua, kwa sababu mbeba picha hatazamwi.

"Nilipotoa kitambaa, yule mama wa chuo akacheka," nikaendelea. "Akasema, 'Huyu anawajua watu.' Mwenye duka akasema picha hiyo angekaa nayo sebuleni kwake miaka yote asiichoke. Mzee hakusema kitu. Walinyoosha mikono."

"Mingapi?" Ni Brashi aliyeuliza.

"Mitatu."

"Mitatu?"

"Yote mitatu, Brashi."

Akakaa. Miguu ndiyo iliyokaa, yeye mwenyewe nadhani hakujua. Aliutazama mkono wake wenye kijani kama anayetambulishwa nao. Nilitamani hadithi iishie pale. Nilitamani niinuke nimwekee mkono shingoni na Mama apige kigelegele.

"Endelea," Baba akasema.

"Mchana walikwenda kula. Bomba la chooni likapasuka, maji yakaingia ukumbini. Mimi na mwenzangu tukazinyanyua picha zilizokuwa sakafuni, tukazirundika popote penye ukavu. Tulipozirudisha, chache kati ya zilizokubaliwa ziliingia upande wa zile ambazo hazijaonyeshwa."

"Hamkuangalia namba?"

"Mwenzangu baadaye aliangalia, akazigundua akazirudisha. Ila moja ilikuwa imeshafika mikononi mwangu."

"Na wewe hukuangalia namba."

"Mimi sikuhitaji namba, Baba. Fremu ile tuliipiga msasa pamoja. Niliijua kabla sijaigeuza."

 Sindano ya Mama ilikuwa imesimama hewani.

"Ukaijua," Baba akasema polepole. "Ukajua imeshapita. Ukafanya nini?"

"Nikaipeleka mbele."

"Kwa nini?"

"Nilidhani watacheka tena."

Nilisikia Brashi akivuta pumzi. Sikumtazama.

"Kabla yake ilikuwa imepita picha moja kubwa ya mafuriko," nikasema haraka haraka, ili nimalize. "Watu juu ya mapaa, mama amebeba mtoto aliyekufa. Ukumbi wote ulikuwa kimya. Mwenye duka alikuwa ameshika kichwa. Halafu mimi nikaleta godoro. Wakaitazama kama nimewatukana. Mwenye duka akasema, 'Hii ni katuni.' Yule mama akasema kuchekesha kuna mahali pake. Mzee alikuwa anasinzia. Hakuna mkono hata mmoja."

"Hawakuikumbuka?" Mama akauliza. "Hiyo hiyo waliyoicheka?"

"Yule mama alisita kidogo. Akasema inafanana na moja ya asubuhi, ila ya asubuhi ilikuwa nzuri zaidi."

Mama akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa mkono, akasema "Samahani, mwanangu, samahani," na macho yakamjaa machozi palepale.

"Na karani?" Baba hakuwa amecheka. "Karani hakuona namba imerudi?"

"Aliona jioni, wakati anajumlisha. Akasema mia moja kumi na saba ina alama mbili. Wote walikuwa wanatafuta makoti yao. Mwenye duka akasema ya mwisho ndiyo halali, hiyo ndiyo wanayoikumbuka."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nafuta vumbi. Hatua tatu kutoka kwao."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Mwanangu!" Mama akasema.

"Ningesema nini? Kuna fomu tuliijaza. Inauliza kama una uhusiano na mshiriki yeyote. Niliandika sina. Ningefungua mdomo wangeniuliza nimejuaje ni ile ile, na picha ingetolewa mazima, na mimi pamoja nayo."

"Na kwa nini uliandika huna?"

Hapo hasira ikanipanda, na ilikuwa afadhali kuliko machozi.

"Ningeandika nini, Baba? Mchumba? Wewe hujakubali. Ndugu? Si ndugu. Jirani? Haishi hapa. Nilikaa na kalamu ile nikitafuta jina la kumpa huyu mtu, nikakuta nyumba hii haijampa hata moja. Nikaandika sina."

 Baba alikuwa anausugua mkono wa kiti kwa kidole, huku na huku. Nilijua anaumia, na nilijua atasema haki hata ikimuumiza, kwa sababu ndivyo alivyo na ndiyo maana hatuna marafiki wengi.

"Mzigo mmoja," akasema hatimaye, "mizani moja, siku moja. Asubuhi inasema kilo tatu, jioni inasema hakuna kitu." Akamgeukia Brashi. "Kijana, mimi nimefunga mizani kwa kosa la gramu hamsini. Mizani kama hiyo ningeitupa mtoni na mwenyewe ningempeleka kwa mkubwa. Sharti nililokupa lilikuwa baya. Nilikutuma kwa watu nikidhani wana mawe ya shaba, kumbe wana usingizi na njaa. Nalirudisha. Na lile neno lako la kutorudi, kama unaniheshimu, lirudishe na wewe."

Mama akaweka sindano chini. Alikuwa ameshaanza kutabasamu, tabasamu la mtu anayepanga nani aalikwe na nani asahaulike.  Nilikuwa nimevunja kiapo cha kazi, nimejianika mbele ya wazazi, na sasa, kwa njia ambayo nisingeiota, mlango ulikuwa umefunguka. Nikamtazama Brashi machoni kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Hakuwa anafurahi.

"Nashukuru, mzee," akasema. "Nimelirudisha. Na nisamehe kwa ukali wa siku ile." Kisha akanigeukia. "Nina swali moja. Si la mashindano."

"Uliza," nikasema.

"Asubuhi ilipopita, ulijua imepita."

"Nilijua."

"Mzee alitaka ipite mara moja tu. Ilikuwa imetosha. Tulikuwa tumeshapata." Alisema bila kupaza sauti, na ndicho kilichonitisha. "Ile mara ya pili uliipeleka kwa ajili ya nani?"

"Nilitaka kusikia wakikusifu."

"Mimi sikuwepo. Mzee hakuwepo, mama hakuwepo. Ulikuwepo wewe."

"Brashi..."

"Ngoja. Nakuuliza kwa wema. Miaka miwili unakuja pale kibandani kwangu, unakaa juu ya ndoo ya rangi, unaniambia hii nzuri, hii imekuliza, hii imekuchekesha. Nilikuwa nakuamini. Mwaka wa kwanza waliponikataa nilisema shauri yao, yupo mmoja. Mwaka wa pili nikasema hivyo hivyo. Wewe ndiye uliyenifanya niamke na kupiga mluzi." Akainuka. "Sasa niambie. Ulirudi kuwauliza kwa sababu huna uhakika?"

"Mwanangu, kosa ni la kibinadamu," Mama akaanza.

"Najua, mama. Kosa nimemsamehe tangu kwenye kamba ya nguo. Nauliza kingine."

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwepo mengi, yamejipanga, mazuri yote: nakupenda, nakuamini, siku zote nimekuamini. Nikayatazama moja moja, na kila nililolishika lilikuwa na ufa. Nilijiona nimesimama pale ukumbini na picha ile mikononi. Nilikumbuka raha niliyoisikia asubuhi wakati mikono mitatu inapanda. Nilikuwa nimeita raha ile upendo. Kumbe ilikuwa ahueni, kama mtu aliyenunua kitu gizani akakileta kwenye mwanga akakuta hakuibiwa. Na baada ya chakula cha mchana nilitaka kukileta kwenye mwanga tena.

Nikakawia. Pengine ilikuwa muda wa kuhesabu kumi, pengine sita.

"Basi," Brashi akasema, kwa upole ambao sitausahau. "Basi, usijisumbue."

Akamuaga Mama, akampa Baba mkono, akatoka. Alipofika mlangoni aliikunjua mikono ya shati, yote miwili, akaifunga vifungo, kama mtu anayetoka kwenye shughuli iliyokwisha. Geti likalia, likafungwa.

"Mfuate," Baba akasema.

Sikuondoka pale kwenye kochi.

"Nakwambia mfuate, binti! Mwambie mimi sina kizuizi tena. Mwambie mlango uko wazi mchana na usiku. Anataka nini zaidi?"

Baba yangu maskini, alikuwa amesimama, mzee mzima, anatetemeka kwa hamu ya kurekebisha. Hakuelewa kwamba kizuizi hakikuwa chake tena. Alikuwa amekaa mlangoni kwetu miezi miwili kama mlinzi, na wakati wote mwizi alikuwa ndani.

Nikaenda dirishani. Alikuwa anatembea katikati ya barabara, si haraka, shati la bluu limekunjamana mgongoni pale nilipokuwa nimelishika. Ninamjua. Nikimfikia kwenye kona atageuka, atasubiri nipate pumzi, halafu ataniuliza swali lile lile kwa maneno yale yale, kwa sababu ni mtu asiyeweza kuishi na jibu nusu. Ningeweza kumwambia hapana. Angeniamini. Angerudi nami nimemshika mkono, Mama angepiga kigelegele, Jumatatu barua ingefika na tungeichania jikoni tukicheka, na kila picha ambayo angechora maisha yake yote angenigeukia kwanza mimi aone uso wangu, na mimi ningejua uso huo ulishamdanganya mara moja.

"Viatu vyako," Mama akasema.

Nilikuwa nimeshatoka. Nilipita chini ya shuka, nikafungua geti, nikakimbia pekupeku barabara nzima kwenda kumwambia kwamba ndiyo, sikuwa na uhakika.